Sifuri ya Ndau

Nairobi, 9 Septemba 2024

Mama yangu Bi Umi,

Assalaam alaikum. Najua ukiona bahasha badala ya simu utashtuka, basi nianze kwa kukutuliza: hakuna aliyefariki, hakuna anayeumwa, na mimi sijafukuzwa kazi. Nimeandika kwa sababu siku ile nilipokupigia nikaligusia jambo hili ulinikata kauli. Ulisema simu hapo Ndau hushika gatini tu, na gatini kila mtu ana masikio, na mambo ya maiti hayasemwi mbele ya watu wanaongoja boti. Barua hii inakuja kwa basi hadi Mokowe. Nahodha Hamdu ataipokea hapo akukabidhi mkononi.

Uliwahi kuniuliza kazi yangu ni nini hasa, nikakujibu juu juu. Ni hivi. Serikali ina madaftari mengi: ya zahanati, ya hospitali, ya shule, ya usajili wa vifo. Si kila kilichoandikwa humo kinaitwa takwimu rasmi. Kuna kamati inayokaa ikaamua daftari lipi liaminiwe, na likishaaminiwa, nambari zake ndizo wapangaji wanazozitumia kuamua dawa ziende wapi na wauguzi wangapi. Mimi ndiye ninayeiandalia kamati hiyo karatasi zake. Mwenyekiti wetu ni Bi Mueni, mama mkali lakini wa haki.

Sasa yanayotuhusu. Wapangaji wa afya wanataka kuihamisha boti ya wagonjwa inayokaa hapo kwenu. Sababu yao ni takwimu rasmi. Tangu 2015 mpaka leo, wanawake wa Ndau waliokufa kwa uzazi ni sifuri. Kabla boti haijaja mwaka 2022, sifuri. Ilipokuja, sifuri. Kwa hiyo, wanasema, boti haina inachookoa.

Mimi na wewe tunajua sifuri hiyo inavyopatikana. Mwanamke akishindwa kujifungua, zahanati huandika kwamba amepelekwa Lamu akiwa hai. Akifia njiani, chombo hugeuzwa ili azikwe kwao, na hospitali haimwoni kamwe. Zahanati haina kifo, hospitali haina kifo, na yeye amepotea katikati.

Lakini wewe una daftari lako. Miaka yote umewaosha wanawake wa Ndau, na kila uliyemwosha umemwandika. Kamati imekubali kulitazama, ilipime kama linafaa kuwekwa sambamba na ya serikali. Inakaa tarehe 5 Februari. Naomba uninakilie wale wa uzazi tu.

Ninajua ninachokuomba, Mama, na ninajua ni nani aliyemo ndani yake.

Mwanao,
Zein Badawi


Ndau, 23 Septemba 2024

Mwanangu Zein,

Waalaykumus salaam. Barua yako imefika ikinuka samaki, maana Hamdu aliiweka juu ya sanduku la barafu. Umenituliza kwamba hujafukuzwa kazi, kisha ukaniomba kitu cha kunifukuzisha mimi yangu.

Jibu langu ni hapana. Mwosha maiti huona yasiyopaswa kuonwa, na amri yake ni kusitiri. Mama yangu aliponiachia kazi hii aliniapisha. Halafu daftari lenyewe si la serikali, ni la dua. Waliokufa kwa uzazi ni mashahidi, na sisi wanawake wa hapa huwasomea hitima yao peke yao kila mwaka, ndiyo sababu nimewatia alama. Sikuwaandika ili wahesabiwe kama mbuzi wa kuchanjwa. Waambie wakubwa wako waje wenyewe wahesabu makaburi.

Hayo niliyaandika Jumatatu. Leo ni Ijumaa, na barua bado iko chini ya mto wangu.

Shemeji yako Hayat ana mimba ya miezi minne. Sikuwa nimekwambia, nilikuwa naogopa hata kuitamka. Juzi alianguka jikoni, akapoteza fahamu, na muuguzi akasema presha yake inapanda. Mumewe Mahir yuko Kizingitini anazamia kamba, harudi ila mwisho wa mwezi. Nilikaa naye usiku kucha nikimwona marehemu dada yake usoni mwake.

Asubuhi nilikwenda kwa mwalimu wa chuo cha Kurani, nikamuuliza bila kutaja jina la mtu. Akaniambia kinachositiriwa ni kile cha kumwaibisha maiti. Kufa kwa uzazi si aibu, ni daraja, na kama kusema kutamwokoa aliye hai basi nitakuja kuulizwa kwa kunyamaza kwangu.

Basi hao hapo, nimewanakili kwa mkono wangu kwenye karatasi ya pili. Ni kumi na mmoja. Kumi kabla ya boti kuja, na mmoja baada yake, siku mashine ilipokuwa imeharibika. Wa saba sina haja ya kukutajia.

Karatasi hiyo usiiache mezani ukaenda kunywa chai.

Mama yako mkwe,
Umi Madi


Nairobi, 21 Oktoba 2024

Mama,

Pole kwa Hayat, na hongera pia, ingawa najua neno hongera mnaliogopa mpaka mtoto alie. Karatasi yako haijawahi kulala mezani. Ninatembea nayo.

Tumeanza kuipima, na tumekwama mapema. Anayelinganisha ni kijana mwenzangu, Murithi, hodari na hana masihara. Alichukua majina na tarehe zako, akazigeuza kutoka mwezi wa Kiislamu, akazitafuta kwenye usajili wa vifo. Kati ya kumi na mmoja amewapata watatu tu. Waliobaki ama hawapo siku hiyo ama wameandikwa siku nyingine. Ameandika pembeni, kwa wino mwekundu, kwamba chanzo hakiaminiki.

Nilikasirika, lakini kwa haki yake ameandika anachokiona. Naomba unieleze unavyoziandika tarehe zako. Unaandika siku ya kufa au ya kuzikwa? Unaandika papo hapo au unangoja wiki iishe? Usiudhike na maswali haya, kila daftari huulizwa, hata la serikali.

Zein


Ndau, 4 Novemba 2024

Mwanangu,

Mwambie huyo Murithi mama yako mkwe amemsamehe, na kwamba wino mwekundu autunzie kazi nyingine.

Ninaandika siku ya kufa, na ninaandika kabla sijala. Lakini siku yangu si yake. Yeye siku yake inaanza saa sita ya usiku, watu wamelala, hakuna anayeiona ikiingia. Yangu inaanza jua likizama. Aliyekufa Alhamisi baada ya magharibi, kwangu amekufa usiku wa Ijumaa, na ndivyo nilivyomwandika. Na wanawake wenye uchungu, Zein, wengi huvumilia mchana kutwa nyumbani ndipo watafutiwe chombo alasiri. Kwa hiyo wengi huwafia watu magharibi. Hebu kila asiyempata amrudishe siku moja nyuma kisha atazame tena.

Wewe umezaliwa Wiyoni, umesoma chuo kama sisi. Ilikuwaje ukaniuliza? Nairobi imekula mpaka jua lako?

Hayat anaendelea. Miguu imevimba kidogo.

Umi


Nairobi, 18 Novemba 2024

Mama,

Nimeona haya kweli. Murithi aliwarudisha wale wanane siku moja nyuma na sasa wote kumi na mmoja wametokea. Akafuta maneno yake mekundu kwa wino mweupe. Bi Mueni mwenyewe alisema hajaona daftari la raia lenye usahihi wa namna hii.

Lakini lipo lililobaki, na ni kubwa kuliko tarehe. Kwenye usajili, sababu ya kifo cha kila mmoja imeandikwa. Tisa wameandikwa homa. Wawili wameandikwa moyo. Hakuna hata mmoja wa uzazi. Na wote imeandikwa walifia nyumbani, Ndau. Hapo ndipo sifuri inapopata nguvu, maana ina sahihi na muhuri, na daftari lako halina.

Bi Mueni amesema hivi: palipo na vyanzo viwili vinavyopingana, kamati haiwezi kukitupa chenye muhuri kwa neno la kisicho na muhuri. Ila kama atapatikana hata mmoja kati ya wale waliopeleka habari kwa karani, akakiri kwa maandishi kwamba alichoandikisha hakikuwa kweli, kamati italazimika kuwatuma watu wake kisiwani kuchunguza vifo vyote kumi na kimoja. Mmoja tu anatosha.

Waliopeleka habari ni jamaa wa marehemu. Labda ungezungumza nao, wewe watakusikiliza. Kuandikisha uongo ni kosa la sheria, hilo sikufichi, lakini sidhani kama kuna atakayewashtaki baada ya miaka hii.

Kazi ni nyingi sana huku siku hizi. Nisamehe ufupi.

Zein


Ndau, 9 Desemba 2024

Zein,

Nimefanya uliyoniagiza. Wiki mbili nimekwenda nyumba kwa nyumba kuwauliza wanaume kwa nini waliandikisha homa. Hakuna aliyekataa kwamba aliandikisha. Mmoja aliniambia angesema kafia chomboni, maiti ingepelekwa Lamu kupasuliwa na polisi wangetaka maelezo, na yeye alitaka mkewe azikwe kabla ya alasiri. Mwengine alisema kila mtu husema homa, na karani huwa kashaandika kabla hujafungua mdomo. Nilipowataka watie sahihi, mmoja akakumbuka ana wavu wa kushona, mwengine akasema ana mke mpya na hataki kesi. Watatu hawapo tena kisiwani.

Nikabaki na swali la wa saba. Nikajisemea, huyu angalau hakuandikwa uongo, maana mumewe ni msomi. Labda karani alikosea mwenyewe.

Jumatano nilipanda boti nikaenda Lamu. Nikaomba nioneshwe karatasi ya mwanangu Huwaida. Kijana wa pale alinisomea, kisha nikamwomba anigeuzie niisome kwa macho yangu. Sababu ya kifo, homa. Mahali, nyumbani. Aliyetoa habari, Zein Badawi, mume.

Nilimwosha kwa mikono hii, na mtoto tumboni hakutoka. Wewe ulikuwa mlangoni unalia. Halafu ukaenda ukamwandikisha homa.

Miezi mitatu unaniandikia karani, usajili, jamaa wa marehemu. Umenituma kwa waume za watu nikawaaibishe, na wewe ni mmoja wao.

Umi Madi


Nairobi, 20 Desemba 2024

Mama,

Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama, na nimebaki nimesimama. Sina cha kukanusha.

Ilikuwa Ijumaa asubuhi. Wazee walikuwa wananiambia azikwe kabla ya swala, watu wote wakiwa wapo. Nilikwenda kwa karani nikiwa na nguo zile zile za usiku. Aliniuliza, "Homa, sivyo?" Niliitikia kwa kichwa. Sikutamka hata neno moja, Mama, na miaka hii yote nimejifariji kwa hilo, kwamba sikutamka. Nilifikiria wakimpasua. Nilifikiria wewe ukiambiwa ungoje.

Kisha nikaajiriwa kazi hii. Ninawafundisha watu namna ya kuandika kifo sawasawa. Kila nikifika kwenye ukurasa wa sababu ya kifo humpa mmoja wao ausome kwa sauti, nao hudhani nina mafua.

Nimekuficha kwa sababu nilitumaini atapatikana mwengine. Hilo ndilo la kweli kabisa. Nikikiri mimi, ninaondolewa kwenye kazi hii siku hiyo hiyo, na huenda nikafikishwa mahakamani, maana mimi si mvuvi asiyejua sheria. Hata hivyo nitakiri. Nipe mpaka kikao. Nitasimama tarehe 5.

Lakini Hayat asingoje kamati. Tafadhali mpeleke Lamu, pale Wiyoni kwa mama yangu, mapema, mwezi mzima kabla. Chumba cha nyuma kipo wazi, na kutoka pale hadi hospitali hata kwa punda hamchukui nusu saa. Nimeshamwambia mama, anawangoja.

Naomba radhi yako.

Zein


Ndau, 10 Januari 2025

Mwanangu,

Nimerudi kukuita mwanangu, lakini usidhani nimesahau. Nilifunga siku tatu ili nisikuandikie nikiwa na hasira, na siku ya nne hasira ilikuwa bado ipo, ila imepungua makali. Nimekumbuka namna ulivyokuwa umevaa asubuhi ile. Kandambili zilikuwa za watu wawili tofauti.

Tunakwenda Wiyoni kesho, mimi na Hayat. Mama yako ameshanitumia ujumbe mara tatu kuuliza Hayat anapenda kula nini. Mungu amlipe.

Tulipokuwa tunafunga mizigo, jirani yetu Swafiya, mke wa Yunusi, alipita na tumbo lake, yeye wake ni wa mwezi wa Machi. Akatania kama huko Wiyoni hakuna nafasi ya tumbo la pili. Tukacheka.

Zein, tarehe 5 usinyamaze. Boti hii si ya Hayat peke yake. Nimeosha wa kutosha.

Umi


Nairobi, 11 Februari 2025

Mama,

Natumaini barua hii inawakuta salama hapo Wiyoni, na kwamba presha ya Hayat imeshuka kama mama alivyonieleza.

Kikao kilifanyika. Daftari lako lilijadiliwa kwa heshima kubwa, kwa karibu saa nzima. Wajumbe walisifu mpangilio wake. Hata hivyo, kwa kuwa hakupatikana mtoa habari aliye tayari kusahihisha maelezo yake, kamati iliamua kwamba kwa sasa usajili wa serikali ubaki kuwa chanzo rasmi. Suala linaweza kufunguliwa tena mwakani. Kutokana na uamuzi huo, boti itahamishwa kuanzia tarehe mosi Machi.

Mazingira ya kikao hayakuwa mazuri kwa yale tuliyozungumza. Kulikuwa na wageni kutoka nje, na wakati ulikuwa mfupi. Nitatafuta nafasi inayofaa zaidi.

La muhimu ni kwamba Hayat yuko karibu na hospitali. Hilo tumelifanikisha.

Zein


Wiyoni, 18 Machi 2025, mwezi kumi na saba Ramadhani

Zein,

Hayat alijifungua tarehe 14 Februari, kama ulivyoambiwa na mama yako. Walimpasua, mtoto akatoka analia, ni wa kike, tumempa jina la mama yake mkubwa. Daktari alisema tungechelewa saa mbili tu tungezungumza mengine. Hilo lako nimelipokea na nitakuombea kwalo maisha yangu yote. Sasa sikiliza haya.

Nilikuandikia kwamba Swafiya alitania. Hakutania. Siku ya kuondoka alinifuata mpaka gatini, akanishika mkono, akaniuliza tena, polepole, watu wasisikie. Nilimwambia chumba ni kimoja. Na chumba kilikuwa kimoja kweli. Lakini mimi nililala mkekani miezi yote hii, na mkeka ungechukua watu wawili.

Ijumaa nilirudi Ndau kuangalia nyumba, nilikuwa nimepanga kukaa siku mbili. Jumamosi alfajiri Swafiya alishikwa. Boti ya wagonjwa haikuwapo, ilishakwenda. Yunusi alizunguka akitafuta mashine, akapata chombo cha wavuvi chenye mashine ndogo, wakaondoka saa nne ya mchana. Saa nane tulikiona kinarudi. Kinaporudi mapema hivyo hakuna haja ya kuuliza.

Waliniita nimwoshe. Maji yalikuwa yameshatiwa, sanda imeshakatwa, na watu wamefunga, wanataka wazike kabla ya alasiri warudi wapumzike. Yunusi alikuja mlangoni. Alikuwa amejaa mchanga mwili mzima. Akaniambia, "Bi Umi, n'nakwenda kwa karani. N'seme nini?"

Nilijua anachotaka. Alitaka nimwambie lile neno ambalo kila mtu huambiwa. Kaburi lilikuwa limeshachimbwa.

Nikamwambia, "Sema lilokuwa. Amefia ndiani, kwa uzazi, na boti haikuwapo."

Basi yakawa yale waliyokuwa wakiyaogopa wote. Karani alisema kama ni hivyo maiti haioshwi, lazima ipelekwe Lamu. Wazee walinijia juu. Mama yake Swafiya alinipigia magoti, mama mtu mzima, ananiomba nimwachie mwanawe apumzike. Nilimwambia nitakwenda naye na sitamwacha. Nilikwenda. Nilikaa nje ya chumba cha maiti mpaka Jumapili, nikafuturia maji tu, nikamrudisha mwenyewe, nikamwosha na kushona kwa daktari kupo kifuani mwake. Tulizika baada ya adhuhuri. Mwosha maiti mzima, nimemchelewesha maiti siku nzima kwa makusudi. Mama yake hanisemeshi, na sidhani atanisemesha tena. Watoto wa pale wananiita kwa jina ambalo sitaliandika.

Lakini nimeiona karatasi. Imeandikwa uzazi, imeandikwa chomboni, ina sahihi ya daktari na muhuri. Sifuri yenu imekufa. Sasa ni moja.

Umeniandikia hakupatikana mtoa habari. Nimelisoma neno hilo mara nyingi. Ni neno zuri, halina mtu ndani yake. Sikukujibu kwa kuwa Hayat alikuwa chumbani ananyonyesha, na mimi nilikuwa nimeshapata changu, nikanyamaza kama wewe ulivyonyamaza. Wewe ulitupa chumba, mimi nikakipokea, na sote wawili tulijua nani amebaki gatini.

Huyo mmoja nimemsimamia mimi. Wakubwa wako watasema ni bahati mbaya, mmoja tu katika miaka kumi. Waliobaki kumi na mmoja wana waume, na wa saba ni wako.

Umi Madi


Nairobi, 27 Machi 2025

Kwa Mwenyekiti, Bi Mueni,
Kamati ya Kutambua Takwimu Rasmi

KUSAHIHISHA MAELEZO YA KIFO

Tarehe 5 Februari uliniuliza mbele ya kamati kama amepatikana mtoa habari yeyote wa vifo vya Ndau aliye tayari kusahihisha maelezo yake. Nilijibu kwamba hakuna. Jibu hilo lilikuwa uongo. Mtoa habari mmoja alikuwa ndiye anayekujibu.

Marehemu ni Huwaida, wa saba katika orodha ya Bi Umi Madi. Alikuwa mke wangu. Tarehe 14 Juni 2019 niliandikisha kwamba amefariki nyumbani, Ndau, kwa homa. Hakuwa na homa. Alikuwa na uchungu wa uzazi tangu alfajiri ya siku iliyotangulia. Zahanati ilimwandika kwamba amepelekwa Lamu akiwa hai, na alikuwa hai. Tulipata chombo alasiri. Alitokwa na damu nyingi tukiwa tumepita Mtangawanda, na alifariki muda mfupi baada ya magharibi akiwa amenilalia mapajani, na mtoto akiwa bado tumboni. Nahodha aliniuliza kama tuendelee mpaka hospitalini. Mimi ndiye niliyemwambia ageuze.

Kuanzia leo siwezi kuendelea kuandaa karatasi za kamati hii, na nimemkabidhi Murithi funguo na nyaraka zote. Najua sheria inasema nini juu ya aliyetoa maelezo ya uongo, na nipo tayari kuitwa. Ninaomba tu kwamba ahadi ya kamati itekelezwe: ulisema akipatikana mmoja, mtawatuma watu kisiwani kuwachunguza wote. Wakienda, wawaulize wanaume kwa upole. Nao walikuwa wanataka kuzika tu.

Maelezo sahihi ni haya.

Jina: Huwaida binti Umi.
Mahali pa kifo: chomboni, kati ya Ndau na Lamu.
Sababu: uzazi.
Aliyetoa habari: mume.

Zein Badawi